Kanuni wanaijua, wodini dozi inawashinda. Wakufunzi wenzangu mnafanyaje?

Mkufunzi wa Kati

Habari za majukumu wadau. Ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga, chuo kimoja huku kanda ya kati, na wengi ninaowafundisha ni wa mwaka wa pili. Nina jambo naomba tusaidiane, na walio wodini nawaomba sana wachangie. Sisi wakufunzi tukikaa wenyewe huwa tunaishia kulaumu shule za sekondari, kisha tunakunywa chai tunaondoka.

Jambo lenyewe ni hesabu za dawa. Kanuni wanaijua, hata ukiwaamsha usiku wa manane: dozi inayotakiwa, gawanya kwa iliyopo, zidisha kwa ujazo. Jaribio la mwisho wengi wamepata juu ya 70. Nikaenda hospitalini kuwafuatilia, nikamkuta kijana wangu mmoja leba, kijana mtulivu, ambaye daftari lake wenzake wanapanga foleni kulinakili. Amesimama mbele ya meza ya dawa na bomba la mililita 20 mkononi. Ameletwa mama mwenye kifafa cha mimba, degedege limemwachia muda si mrefu, na sista anataka dozi ya kuanzia ya magneziamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa, iwe ya asilimia 20. Ampuli zilizopo mezani ni za asilimia 50, mililita 10 kila moja. Kijana anaitazama ampuli, anatazama bomba, anarudi kwenye ampuli. Sista akamchukulia bomba, akavuta mililita 8 za dawa, akaongeza mililita 12 za maji ya sindano, akaenda kwa mama yake. Kazi ya dakika moja. Ila wakati anaondoka alitupa neno kwa sauti, wenzake wakasikia, wakunga wakasikia na ndugu wa mgonjwa mlangoni wakasikia. Siku ile kijana hakugusa tena sindano.

Baadaye nikamweka pembeni. Kanuni akaitoa vizuri tu. Nikamuuliza, hii asilimia 50 kwenye ampuli inakwambia nini? Kimya. Hakuwa na habari kwamba ni gramu 50 ndani ya mililita 100, yaani ile ampuli ya mililita 10 imebeba gramu 5. Darasani swali huwa tunampa limeshamenywa: "iliyopo ni gramu 5 kwa mililita 10." Ile ampuli ya leba ilikuwa na asilimia kwa maandishi makubwa na gramu kwa maandishi ya kusoma ukiwa umeikunjia uso. Kanuni anayo, cha kuingiza ndani ya kanuni hakipati.

La pili ni dripu. Niliwapa swali jepesi: lita moja ya maji ya dripu ya Ringa iende kwa saa 8, mpira wake unatoa matone 20 kwa mililita, weka matone mangapi kwa dakika? Jibu ni 42 kwa kukadiria. Baadhi wakaandika 2,500. Wamesahau kugeuza saa kuwa dakika, hilo linatokea kwa yeyote. Kilichoninyima usingizi ni kwamba waliandika 2,500, wakaipigia mstari mara mbili, wakakusanya karatasi. Matone 2,500 kwa dakika ni zaidi ya 40 kwa kila sekunde. Hata macho hayawezi kuyahesabu. Kwa kasi hiyo lita nzima ingeisha kwa dakika 8, na mgonjwa akiwa mzee mwenye moyo mchovu tumemzamisha. Hakuna aliyeshtuka.

Najua wengine watasema tuchague wanafunzi wenye Hisabati. Wadau, sifa za kujiunga zinadai Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinahesabiwa kuwa vya nyongeza. Aliyepata F ya Hisabati ameingia kwa halali, yuko darasani kwangu, na baada ya mitihani atasimama mbele ya Baraza la Wauguzi na Wakunga kudai leseni. Kumfundisha ni kazi yangu.

Sasa idarani tumegawanyika. Mwenzangu mmoja anataka tuweke jaribio la hesabu ambalo ufaulu wake ni 100, na usipofika huendi wodini. Mwingine anasema OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, inatosha, tuongeze kituo kimoja cha dawa. Mimi OSCE siiamini kwa hili: dakika chache, mwanasesere, swali limeandikwa kwenye kadi, hakuna anayetapika wala kupiga kelele. Wanafunzi wetu ni zaidi ya mia na chumba cha vitendo ni kimoja.

Ninyi mnafundishaje hesabu, kama somo la peke yake au ndani ya kila kitendo? Na yule anayekwama mnamsaidiaje bila kumvunja mbele za watu? Maana yule kijana wangu nina wasiwasi atamaliza chuo akiwa fundi wa kukwepa meza ya dawa.

---

Sista wa Leba

Mwalimu, umetuita sisi wa wodini, basi usininunie.

Yule sista alifanya sawa kuchukua bomba. Mama mwenye kifafa cha mimba hasubiri mtu akumbuke asilimia. Kosa lake ni lile neno, na hata hilo nitakwambia linatoka wapi. Usiku tuko wawili, akina mama watatu wamefungua njia kwa pamoja, mmoja anatoka damu. Asubuhi kabla sijakabidhi zamu wanaingia wanafunzi kumi kwa mkupuo, mkufunzi wao kaishia ofisi ya matroni kusaini karatasi, kaondoka. Sisemi ni wewe. Wewe angalau uliingia mpaka ndani ukaona. Lakini wengi wenu mnawaleta kama mzigo wa basi, mnashusha, mnageuza.

Haya, nikupe ninachokifanya. Tuna kisanduku cha kifafa cha mimba pale leba, kila hospitali inapaswa kuwa nacho. Ndani kuna magneziamu, maji ya sindano, mabomba ya 20 na ya 10, lignokeini ya ganzi, kalsiamu gluconeti, katheta, na nyundo ya kugongea goti. Kila asubuhi baada ya ripoti kinafunguliwa na kuhakikiwa. Kazi hiyo nampa mwanafunzi, mimi nimesimama pembeni na kikombe changu. Akimaliza kuhesabu namwambia: haya, mama ameingia sasa hivi, nisimulie. Havunji ampuli, hafungui bomba, anasimulia tu kwa mdomo huku anashika kitu kimoja kimoja. Gramu 4 mshipani: mililita 8 za dawa, 12 za maji, polepole, si chini ya dakika 5. Kisha gramu 10 za msuli: gramu 5 kila tako, hizo haziongezwi maji, mililita 10 kila upande pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2. Ampuli tatu zimekwenda, kwenye moja zimebaki mililita 2. Akikwama hakuna mgonjwa wa kuumia na hakuna wa kumcheka, tuko wawili.

Kuna wakati tunaletewa ampuli za mililita 2, asilimia ni ile ile 50, kila moja gramu 1. Hapo ndipo utawajua waliokariri. Mtu amejiwekea kichwani "ampuli moja, usiimalize", anavuta ampuli moja ndogo kweli, ananiletea. Gramu 1! Aliyeelewa anavunja nne bila kuuliza mtu.

Halafu mwalimu, hesabu ni nusu ya kazi. Dozi ya kuendeleza, ile gramu 5 ya kila saa 4, kabla hujaichoma unahesabu pumzi, zisipungue 16 kwa dakika. Unagonga goti, liruke. Unaangalia mkojo, angalau mililita 30 kwa saa, maana yake ndani ya zile saa 4 mfuko uwe na 120. Mtu amevuta mililita 10 sawasawa na mama anapumua mara 9, hiyo hesabu amepata na mama amempoteza. Magneziamu ikizidi mwilini inazima pumzi, na kalsiamu ya kuipinga iko kwenye kisanduku kwa sababu hiyo. Sasa darasani mnatoa maksi kwa ile namba peke yake. Mimi ningetoa sifuri kwa aliyepata namba hajauliza pumzi.

---

Mwaka wa Mwisho

Shikamooni walimu, shikamoo Sista.

Naomba niseme kwa upande wetu. Kule wodini tunawinda saini. Kitabu cha vitendo kina idadi yake, umalize sindano kadhaa, dripu kadhaa, kuzalisha kadhaa, kila kimoja kisainiwe. Kwa hiyo mtu akishajua wodi fulani sista wake ni mkali kwenye dawa, anahamia kwenye kufunga vidonda na kutandika vitanda, saini zinaingia haraka. Mwenye hofu ya dawa anaweza kufika mwisho kitabu kimejaa, na sehemu ya dawa amesainiwa kwa kushuhudia mwenzake. Mwalimu akikagua anaona saini, haoni nani alivuta dawa.

Jambo lingine ni simu. Chuoni hesabu zote tunafanya kwa kikokotoo cha simu. Wodini simu hairuhusiwi, unabaki na 1,000 mara 20 gawanya kwa 480 kichwani, na mgonjwa anakuangalia. Mimi nilikuwa nakwama hapo hapo mpaka kaka mmoja muuguzi wa wodi ya wanaume, zamu ya usiku, akanipa njia yake. Kwanza tafuta mililita kwa saa: 1,000 kwa saa 8 ni 125. Mpira wa matone 20 gawanya kwa 3, unapata 41 na kitu, weka 42. Mpira wa matone 15 gawanya kwa 4. Ule wa watoto wa matone 60 usigawanye kabisa, mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Nikamuuliza 3 imetoka wapi, akaniambia gawanya 60 kwa 20 uone mwenyewe. Nikaona. Darasani tulisoma kanuni ndefu tu, na nadhani waliofundisha wanaijua hii fupi.

Mwisho, samahani kama nachanganya mada, wapo wanaoingia zamu ya asubuhi hawajala tangu jana mchana. Chumba cha kupanga karibu na hospitali ni hela, na nauli ni hela. Ukimwona mtu ameganda mbele ya ampuli si lazima iwe hesabu.

---

Mwenyeji wa Mbulu

Mkufunzi wa Kati, hilo la kujua darasani na kushindwa kitandani limeshapimwa hapa hapa Tanzania, tena kwetu Manyara, hospitali ya Haydom.

Mwaka 2010 wakunga wa pale walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, ule mpango unaoitwa Helping Babies Breathe, wenye mwanasesere wa kujazwa maji. Wakapimwa kwenye mwanasesere baada ya miezi kadhaa: wamepanda vizuri sana. Wakaangaliwa chumba cha kuzalishia, kwa watoto halisi: hakuna kilichobadilika. Matokeo yalichapishwa 2013. Watu wale wale, mikono ile ile. Yaani kwenye mtihani wa mwanasesere wengi wao wangefaulu.

Kuanzia 2011 wakabadili mtindo. Mwanasesere akahamia leba yenyewe, na kila mkunga akawa anafanya zoezi fupi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, akiwa zamu, akiwa na nguo za kazi, kisha mara moja kwa mwezi marudio ya dakika 40. Waliokuwa wanawasukuma ni wakunga wenzao wa pale pale. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka kama 11 hadi kama 7 kwa kila watoto 1,000. Na kingine kilichonigusa: watoto waliohitaji kupewa pumzi kwa mfuko walipungua, kwa sababu wakunga walikuwa wanawahi kuwakausha, kuwasugua mgongo na kuwasafisha njia ya hewa. Zile hatua ndogo za mwanzo ndizo zilizoamka.

Ndiyo maana hicho kituo cha ziada cha OSCE sikiungi mkono, na semina ya siku nzima ya hesabu siiungi mkono pia. Anachokifanya Sista na kisanduku chake kila asubuhi ndicho chenyewe, sijui kama anajua.

---

Sista wa Leba

Kumbe nafanya utafiti. Matroni aniongezee mshahara.

---

Mwalimu wa Pwani

Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Mimi pia hufunza wauguzi, wa diploma, na naona shida yetu ni ile ile ila nyinyi mwaita wodi, sisi twaita wadi.

Kuhusu jaribio la ufaulu wa 100, mimi naliunga mkono, lakini si kwa namna ya mwenzako. Alama 90 kwenye hesabu za dawa ni mgonjwa mmoja kati ya kumi kupewa dozi isiyo yake, kwa hivyo 100 ni haki. Kosa ni kulifanya mlango wa kumfungia mtu nje. Sisi jaribio ni la maswali machache, lafanywa kila wiki, namba zabadilika, na alama haziandikwi popote. Ukikosa wiki hii, warudi wiki ijayo. Hadi anakwenda wadini ashalifanya mara nyingi mpaka halimtishi tena. Anayekosa mara kwa mara ndiye nakaa naye, na mara nyingi nagundua shida si hesabu za dawa. Ni desimali. Hajui 0.5 na 0.05 ipi kubwa. Huyo ukimpa kanuni ya dozi wampa mzigo juu ya mzigo. Tunarudi kwenye rula, tunaangalia milimita na sentimita, bila aibu.

Hilo la 2,500 tunalitibu hivi: ni marufuku kugusa kalamu kabla hujakadiria kwa mdomo. Swali likisema gramu 4 na ampuli ina 5, sema kwanza: nitatumia ampuli nzima, zaidi, au pungufu? Dripu, sema kwanza: matone yatahesabika kwa saa ya ukutani au hayahesabiki? Kisha ndio uandike. Jibu likipishana na makadirio, simama. Mwanzo walicheka, wakaona ni mambo ya chekechea. Sasa hivi utawasikia wenyewe wakiulizana wadini, "Umekadiria?"

Na asilimia nafunza kwa sukari. Vikombe viwili vyenye alama ya mililita 100. Kimoja gramu 5 za sukari, ni kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Cha pili gramu 50, vijiko kumi. Ongeza maji hadi alama, koroga, kila mtu aonje. Hapo hamna haja ya kumweleza mtu tofauti ya deksitrozi, ile sukari ya kuchoma mshipani, ya asilimia 5 na ya 50, wala kwa nini ile ya 50 tunaichoma kwenye mshipa mkubwa na polepole. Ulimi umeshamweleza. Baadaye nawauliza: chupa ya lita moja ya ile ya 5 ina gramu ngapi? Wanapiga hesabu, wapata 50, wanatazama kile kikombe kidogo, wanaelewa kwamba sukari ni sawa.

Kuhusu yule kijana. Sisi huwafunza sentensi moja ya kusema wakikwama, na tumekubaliana na wasimamizi wa wadi kwamba ikisemwa iheshimiwe: "Sista, naomba tuhesabu pamoja." Basi. Dawa kama magneziamu, insulini, heparini na potasiamu hata muuguzi wa miaka ishirini anafaa kuhesabu na mwenzake, kwa hivyo mwanafunzi haonekani mjinga, anaonekana anafuata utaratibu. Kabla ya makubaliano hayo tulikuwa na wanafunzi wa kuganda, sasa ni wachache mno.

---

Mkufunzi wa Kati

Wadau, mmenipa kazi ya muhula mzima.

Mwalimu wa Pwani, la desimali umenigonga penyewe. Nimechukua karatasi za zamani nikapitia makosa bila kuangalia maksi, na rundo kubwa ni nukta iliyohama. Sijawahi kuwarudisha kwenye rula, nilidhani watajisikia wamedharauliwa. Sukari nanunua kesho.

Mwenyeji wa Mbulu, dakika 3 kila wiki kwa watu zaidi ya mia na mwanasesere mmoja nilidhani haiwezekani, kisha nikakumbuka kwamba hesabu ya dawa haihitaji mwanasesere. Inahitaji ampuli, bomba na mtu wa pili wa kusikiliza. Nitawapanga wawili wawili, mmoja anakuwa sista na mwingine mwanafunzi, kisha wanabadilishana, kila siku kabla ya kipindi cha kwanza. Anayecheza sista lazima aulize pumzi, goti na mkojo. Asipouliza, wote wawili wanarudia.

Mwaka wa Mwisho, ahsante mwanangu kwa uwazi. Kitabu cha vitendo nitaomba idara tubadili: sehemu ya dawa iwe na nafasi ya kuandika hesabu yenyewe, ulivuta kiasi gani kutoka kwenye nguvu ipi, ndipo isainiwe. La chakula nimelipeleka kwa mlezi wa wanafunzi. Kuna mfuko mdogo wa dharura ambao wengi hawajui upo, na sijui kwa nini hatuutangazi.

Sista, la kushusha mzigo wa basi nimelimeza. Ninaomba ruhusa tukae na wauguzi viongozi wa leba pale tunapopeleka wanafunzi, tukubaliane ile sentensi ya Pwani na zoezi la kisanduku, wanafunzi wawili tu kwa asubuhi moja na mimi niwepo. Ninachokosa ni ampuli za kufanyia mazoezi chuoni. Za hospitali zikiisha muda wa matumizi, naweza kuziomba? Au nibandike lebo ya magneziamu kwenye ampuli za maji ya sindano?

---

Sista wa Leba

Ampuli zilizoisha muda usiniombe mimi. Zinarudi famasi, zinaandikwa, zina utaratibu wake wa kuteketezwa. Muuguzi anayekupa kwa mlango wa nyuma anajitafutia barua. Na ampuli tupu zilizovunjwa ni vitu vyenye ncha kali, zikishaingia kwenye kisanduku cha njano hazitoki.

Siku ya kuja, njoo saa moja na nusu asubuhi, kabla ya ripoti. Saa tatu utakuta raundi imeanza na hakuna wa kuongea na wewe.

---

Mfamasia wa Zamu

Napita tu, ila hili la lebo nimeshindwa kulipita.

Mkufunzi, usibandike lebo inayofanana na dawa kwenye ampuli ya maji, hata iwe kwa mazoezi. Mwanafunzi ataisahau kwenye mfuko wa koti, koti litaingia leba, na siku moja mtu atamchoma mama maji akidhani amempa magneziamu. Kinyume chake ni kibaya vile vile: akizoea kwamba ampuli yenye jina la magneziamu ni maji tu, ataishika ya kweli kwa wepesi huo huo.

Muandikie mfamasia wa hospitali barua kupitia mkuu wa chuo, aseme lipi linawezekana kwa utaratibu wao. Wakati unasubiri, chukua vichupa vya plastiki vya mililita 10 na vya mililita 2, jaza maji, andika kwa kalamu nyekundu YA MAZOEZI, SI DAWA pande zote mbili, na chini yake ndipo uweke asilimia na ujazo. Vipe namba. Viwe na daftari la kutoa na kurudisha, vilale kabatini chuoni chini ya kufuli, na visivuke geti la hospitali hata kimoja. Siku ya mtihani changanya nguvu tofauti, usiweke 50 peke yake. Na maandishi ya gramu yaandike madogo kama yalivyo kwenye ampuli halisi, wajifunze kuikunjia uso.